Jibu: Mchango wa Sudan tumkabidhi nani?

Dada yangu, umeuliza mchango wa kikundi chenu hapo Chumbageni muupeleke wapi ili uwafikie wenye njaa Sudan. Kwanza nakuomba msimpe mtu mkononi. Mwaka juzi kijana alipita Ngamiani na kadi yenye picha ya mtoto mbavu nje. Nilipotaka kutuma, namba ikaleta jina la mtu binafsi. Nikasitisha, ila majirani zangu walishatuma, na risiti haikuja. Inaniuma mpaka leo, maana walitoa kwa moyo.

Tazameni nani alikuwapo kabla dunia haijashtuka. Baa la njaa katika Zamzam, kambi ya waliokimbia vita huko Darfur Kaskazini, lilithibitishwa Agosti 2024, lakini shirika la Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) lilishapaza sauti tangu Februari, baada ya kuwapima watoto. Kipimo chenyewe ni utepe wa kuzungushia mkono: ukisoma chini ya sentimita 11.5, rangi nyekundu, mtoto yuko hatarini. Wapo pia Hilali Nyekundu ya Sudan, ndugu wa Msalaba Mwekundu, na majiko ya mitaani ya kulisha wenye njaa yanayoendeshwa na vijana wa huko wenyewe. Hao nawaheshimu sana.

Kama kulipa mtandaoni kunawatatiza, waulizeni Msalaba Mwekundu wa hapa nchini kama wanapokea mchango wa Sudan. Akaunti iwe ya chama, risiti iandikwe jina la kikundi. Na pelekeni fedha, si unga wala nguo; gunia la kutoka Tanga nauli italimaliza njiani.