Gemu zilizojumlishwa pamoja

Ndugu Mhariri, swali lenu la wiki linauliza iwapo wanawake na wanaume wanaweza kucheza katika timu moja ya kulipwa. Kuweza hakuna ubishi, maana Marekani walikwisha kufanya hivyo miaka ya sabini. Mimi nitajibu iwapo timu ya namna hiyo inaweza kudumu, na jibu langu la kwanza lilikuwa hapana. Ushahidi wangu ulikuwa Philadelphia Freedoms, timu ya tenisi iliyoanza mwaka 1974 katika ligi ya World TeamTennis na kuuhama mji wake baada ya msimu mmoja tu.

Tarehe 6 Mei 1974, nikiwa mwanafunzi mjini humo, nilikaa jukwaa la juu la ukumbi wa Spectrum kutazama mechi ya kwanza kabisa ya ligi hiyo, Freedoms dhidi ya Pittsburgh Triangles. Kocha wetu alikuwa mwanamke, Billie Jean King, ambaye alikuwa pia mchezaji, na miongoni mwa wanaume waliopokea maagizo yake alikuwamo Fred Stolle, aliyewahi kutwaa ubingwa wa Ufaransa na wa Marekani. Triangles walikuwa na Ken Rosewall, kocha na mchezaji vilevile, pamoja na mwanamke Evonne Goolagong. Watazamaji waliruhusiwa kushangilia na hata kuzomea mpira ukiwa unachezwa. Hata hivyo, kilichonishika zaidi ni ubao wa matokeo. Mechi iligawanywa katika seti, na kila seti katika gemu, yaani duru fupi za pointi chache; kulikuwa na seti za wanaume, za wanawake na za mchanganyiko. Na mshindi alipatikana kwa kujumlisha gemu zote, si kwa kuhesabu seti. Gemu ya King ilikuwa na uzito uleule wa gemu ya mwanamume yeyote pale uwanjani. Mzee mmoja jirani yangu, aliyetamka tangu mwanzo kwamba amekuja kuwaona wanaume, aliishia kusimama na kupiga makofi kila mwanamke wetu alipopata gemu, kwa sababu asingeweza kuutaka ushindi bila kuwataka wao. Tulishinda 31 kwa 25.

Msimu huo Freedoms walishinda mechi 39, wakapoteza 5, kisha wakafungwa na Denver Racquets katika fainali. Baadaye timu ikauzwa na kupelekwa Boston, naye King akaenda New York Sets. Wimbo wa Elton John wenye jina la timu ulipokuwa ukiongoza chati za Marekani Aprili 1975, Philadelphia haikuwa na timu tena.

Lakini Denver nao, mabingwa wenyewe, walihamishiwa Phoenix. Tena mwaka uleule wa 1974 Goolagong na Jimmy Connors walizuiwa kucheza mashindano ya Ufaransa kwa sababu ya kusaini na ligi hii. Nikiyapima haya, siwezi kuulaumu mchanganyiko wa wanawake na wanaume; palipungua fedha, na wakubwa wa tenisi ya zamani hawakuitaka ligi hii.

Basi sasa nabadili jibu na kusema ndiyo, timu ya namna hiyo inaweza kudumu, ila katika mchezo ambao matokeo ya kila mmoja yanajumlishika kama yale. Kwa mpira wa miguu bado sijashawishika, na hata kwa tenisi ningetaka kwanza kumwona mmiliki aliye tayari kupata hasara kwa miaka kadhaa bila kuihamisha timu.