Hereni iko shapu, jicho limefifia: maswali yenu kuhusu fokasi

*Fundi, nina kamera ya DSLR (ile yenye kioo ndani) ya fremu nzima, na lenzi ya 85mm. Nalenga jicho la bi harusi kwa f/1.8, yaani lenzi ikiwa wazi sana, lakini kinachotoka shapu ni hereni. Lenzi ni mbovu?*

Usiilaumu bado, dada. Ukisimama mita 1.5 kutoka kwake kwa f/1.8, eneo linalotoka shapu lina kina cha kama sentimita 3 tu. Ukiyumba kidogo unapobonyeza, jicho limeshatoka humo.

Pima kwanza. Funga kamera kwenye stendi. Simamisha karatasi yenye maandishi meusi makubwa, ikutazame moja kwa moja, na ubavuni laza rula kwa mshazari, sifuri yake ikiwa usawa wa karatasi. Tumia nukta ya fokasi ya katikati pekee. Piga picha kumi, na kabla ya kila moja zungusha pete ya fokasi mpaka maandishi yapotee kabisa, ili kamera itafute upya. Halafu zikuze kwenye kompyuta.

Wengi hupiga moja tu wakatoa hukumu, na hilo huniuma, maana lenzi nzuri huuzwa bei ya hasara kwa sababu hiyo. Zote kumi zikiangukia nyuma ya sifuri kwa kiasi kilekile, kosa ni lilelile kila mara na linarekebishika kwenye menyu ya kamera. Zikitawanyika, nyingine mbele nyingine nyuma, menyu haitakusaidia: ongeza mwanga, kisha rudia.

*Mbona nikitumia skrini ya nyuma inapatia?*

Kwa sababu hapo kioo kimenyanyuka, na kwa kawaida sensa ya picha yenyewe ndiyo inayopima. Ukichungulia tunduni, mwanga hupita kwenye kioo kikuu, hudakwa na kioo kidogo nyuma yake, na kurushwa chini kwenye sensa ya fokasi. Njia hizo mbili zisipolingana urefu, hata kwa unywele, fokasi inahama.

*Narekebishaje?*

Kamera kama Canon 5D Mark II na Nikon D300 zina, kwenye menyu, kipimo cha kusogeza fokasi cha -20 hadi +20. Fokasi ikiangukia nyuma, nenda upande wa kutoa, kisha piga kumi nyingine.

*Nimenunua kamera isiyo na kioo. Nipime pia?*

Kosa la vioo huko halipo. Washa utambuzi wa jicho, ila ukumbi ukiwa na giza, kuza picha ya kwanza uhakikishe kabla maharusi hawajainuka.