Sina lori, nina leseni tu: nimeajiriwa au nimejiajiri?

SWALI: Ninaendesha treila za kontena kutoka bandari ya Kilindini hadi Malaba, mwaka wa nne sasa, kwa tajiri mmoja. Hunilipa kwa safari, kupitia M-Pesa, na hatujawahi kuandikiana mkataba. Juzi alituita ofisini Miritini akasema kuanzia mwezi ujao kila dereva ni mkandarasi: tutie sahihi karatasi, na kila safari tumletee ankara ya eTIMS, ule mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya kodi, KRA. Kodi atalipa nani? Tena ritani zangu za KRA miaka yote nimejaza sufuri. – Dereva, Jomvu

JIBU: Ndugu yangu, hiyo karatasi usiitie sahihi bado. Kwa maelezo yako wewe ni mwajiriwa, na neno "mkandarasi" kuandikwa juu ya karatasi halibadilishi hilo. Mahakama ya ajira hutazama kazi inavyofanyika, na watu wa kodi vilevile.

Gari ni la nani? Diseli, tairi na bima analipa nani? Nani anaamua upakie lini na ulale wapi? Ukisimama Mariakani nusu saa unywe chai, simu inalia: "Mbona gari limesimama?" Huyo anayekutazama kwenye traka akiwa ofisini ndiye msimamizi wako, na kusimamiwa kwa namna hiyo ni alama kubwa ya ajira. Je, waweza kumtuma binamu yako mwenye leseni akuendee safari? Huwezi. Na foleni ya Malaba ikikushika siku tano, mteja akakataa kulipa, hasara ni ya mwenye gari. Aliyejiajiri ana mali au mtaji wake unaoweza kumletea faida au kumtia hasara. Wewe una leseni na mikono yako.

Kulipwa kwa safari hakukutoi kwenye ajira. Sheria ya Ajira ya 2007 inatambua malipo ya kipimo cha kazi, na hata kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi mzima sheria humhesabu kama mwajiriwa wa mwezi. Mkataba wa miezi mitatu au zaidi unatakiwa uandikwe, na mwenye wajibu wa kuuandika ni mwajiri. Kesi ikifika mahakamani naye hana mkataba wa kuonyesha, ni juu yake kuthibitisha masharti ya kazi yalikuwa yapi.

Mbona basi wenye magari wanazikimbilia hizi karatasi? Tangu 1 Januari 2024, gharama ya biashara isiyokuwa na ankara ya eTIMS haikubaliwi wakati wa kukokotoa kodi. Tajiri wako anaona pesa anazowatumia nyinyi zitakataliwa. Mweleze kwa upole kwamba mishahara imeondolewa kwenye sharti hilo. Awaingize tu kwenye orodha ya mishahara, akate PAYE, yaani kodi ya mshahara, aipeleke kabla ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata.

Kwa viwango vilivyoanza Julai 2023, shilingi 24,000 za kwanza za mwezi hutozwa 10%, 8,333 zinazofuata 25%, na zinazozidi hapo 30% mpaka 500,000. Tuseme kipato chako cha kutozwa ni 40,000: kodi ni 6,783, utoe nafuu ya kodi ya 2,400, kodi inayobaki kukatwa ni 4,383. Na si kila pesa ya safari ni mshahara. Posho ya chakula na malazi ukiwa kazini mbali na kituo chako haitozwi kodi hadi 10,000 kwa siku, tangu Julai 2025. Zamani kikomo kilikuwa 2,000. Kwa dereva anayelala Mlolongo na Salgaa hili ni jambo kubwa, basi mwombe aandike posho kando na malipo ya safari. Akizichanganya, zote zitaonekana mshahara.

Ukiwa mwajiriwa, yeye pia anatoa: NSSF, akiba ya uzeeni, 6% yako na 6% yake, tozo ya nyumba 1.5% kwa 1.5%. SHA, bima ya afya, ni 2.75% yako peke yako. Ukikubali ukandarasi, mzigo wote unakuangukia.

Kinachoniuma zaidi ni ajali. Nimekaa na dereva aliyevunjika mguu karibu na Taru, gongo limeegemezwa mezani kwangu, nikisoma karatasi ya ukurasa mmoja aliyoitia sahihi akiwa na haraka ya kwenda kupakia. Sheria ya fidia ya majeraha kazini, WIBA ya 2007, humlinda mwajiriwa, na mwenye gari aliitoa karatasi ile kama ngao. Dai halikufa, lakini lilichukua muda mrefu ambao mtu mwenye watoto hana.

Wako madereva waliojiajiri kweli: leo anashika gari la huyu, kesho la yule, bei anakubaliana mwenyewe. Huyo hujaza ritani yake kila mwaka kabla ya 30 Juni. Mapato yakivuka milioni moja kwa mwaka, hadi milioni 25, anaweza kuingia kwenye kodi ya mauzo ya 3%, inayolipwa kila mwezi kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Tahadhari hapa: kodi hiyo inahesabiwa kwa jumla ya mauzo, gharama hazitolewi. Pesa ya diseli ya mwenye gari ikipitia M-Pesa yako, taarifa ya simu yako itaonyesha mamilioni ambayo hukuyala. Weka risiti za mafuta zenye namba ya gari.

Sasa hizo sufuri. Ulipokea pesa, kwa hiyo ritani hizo si sahihi, na ni vyema uzirekebishe mwenyewe kwenye iTax, tovuti ya KRA, kabla hujaitwa. Sheria inakupa miaka mitano. Piga hesabu kwanza, mwaka kwa mwaka, ukitenga posho. Mwaka ambao kipato cha kutozwa hakikuzidi 288,000, nafuu ya 28,800 inaimeza kodi yote. Palipozidi, kuna adhabu ya 5% ya kodi iliyochelewa na riba ya 1% kwa mwezi. Kodi ya ajira ambayo tajiri hakukata, KRA inaweza kumdai yeye, na hapo ndipo utahitaji ushahidi: taarifa za M-Pesa, hati za kupokelea mizigo zenye jina lako, ujumbe wa "toka saa kumi usiku". Vipige picha leo, umtumie mtu wa nyumbani avihifadhi, maana simu ya dereva huibwa.