Jibu: Nyuso zimetoka nyeusi tii kwenye picha za kwanjula, nitumie programu gani?

Ndugu yangu wa Kasese, nimelisoma swali lako mara mbili. Umesema ulipiga picha za kwanjula, ile sherehe ya utambulisho kabla ya harusi, chini ya hema kwa kamera ya Canon ya mitumba. Nyuso zimetoka nyeusi tii, nyingine zina wekundu kama zimepakwa udongo, gomesi, yale magauni marefu ya sherehe, za akina mama waliokaa ukingoni zimeungua kwa mwanga, na aliyekupa kazi anakuambia "zing'arishe hizo nyuso". Ukauliza kama ni lazima uwe na Photoshop au kuna programu ya bure. Waliotangulia wamekutajia programu, na si vibaya. Mimi kazi hii nimeifanya Busia, upande wetu wa Uganda, miaka 14 sasa, na nitaanza na hilo neno "ng'arisha", maana ndilo lililoniharibia kazi nilipokuwa mchanga kama wewe.

Niliambiwa hivyohivyo baada ya sherehe moja huko njia ya Tororo. Bibi harusi alikuwa binti mweusi, ngozi yake inang'aa kama mbegu ya mparachichi iliyooshwa. Nikamchagua yeye peke yake katika kila picha, nikavuta mwanga juu mpaka akawa maji ya kunde. Aliyenipa kazi akafurahi. Albamu ikaenda nyumbani kwao, nami nilikuwepo kuipokelea malipo yaliyobaki. Bibi yake mzaa mama akaiweka mapajani, akawa anapitisha kidole juu ya nyuso na kutaja jina la kila mtu: shemeji huyu, jirani yule, mtoto wa fulani kule nyuma kabisa. Kidole kilipofika kwa mjukuu wake kikasimama. Akamgeukia msichana aliyekaa naye akauliza, "Na huyu ni nani?" Macho yake yalikuwa mazima. Mimi ndiye niliyemwondolea mjukuu wake. Nikairudisha albamu, nikazifanya upya picha zote za binti yule na kuziosha kwa gharama yangu.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kung'arisha na kuweupesha ni kazi mbili tofauti. Kung'arisha ni kuurudishia uso mwanga ambao kamera ilishindwa kuushika. Kuweupesha ni kumbadilisha mtu. Mteja akikuambia ung'arishe, mwulize anataka nini hasa. Mara nyingi utakuta anachotaka ni macho yaonekane na uso usizame, basi.

Sasa kwa nini nyuso zilizama? Kipimo cha mwanga kilicho ndani ya kamera hakijui kama kinatazama uso au kitambaa. Kinachukulia kwamba yote yaliyo mbele yake, ukiyachanganya, ni kijivu cha wastani. Ukiijaza fremu kanzu na gomesi zinazometa, kamera inaona mwanga umezidi, inaubana, na uso mweusi ulio kivulini unakwenda chini zaidi. Ongeza na mahali tulipo. Ninyi ikweta inaikatiza barabara yenu kabisa, saa sita jua liko utosini, watu wanakuwa na mashimo badala ya macho. Siku nyingine pima mwanga usoni kwa mtu, na upige kwa RAW, faili ghafi ambayo kamera haijaipika. Faili ya JPEG, ile ya kawaida, inabeba ngazi 256 tu za mwanga kwa kila rangi, wakati RAW ya biti 14 inabeba 16,384. Ukivuta giza la JPEG juu, unapata chengachenga na mistari. Ukivuta la RAW, bado kuna kitu mle ndani. Gomesi iliyoungua kwenye JPEG mpaka ikawa nyeupe tupu haina cha kurudisha, usijichoshe nayo.

Wekundu nao una asili yake, na ukishaijua utaacha kubahatisha. Mwanga unaofika usoni chini ya hema hautoki juu peke yake. Unapiga udongo wetu mwekundu nje, unarudi, unapanda kwenye kidevu na chini ya mashavu ukiwa umebeba rangi ya udongo. Kukiwa na migomba karibu, unabeba kijani. Turubai la bluu linamwaga ubuluu kwenye paji la uso. Basi uso mmoja una rangi mbili tatu, na kitufe cha kusawazisha rangi kwa mkupuo kitakuponya nusu tu. Sawazisha kwa ajili ya uso kwanza. Hema lenyewe likibaki na ubuluu kidogo, hakuna atakayeuliza.

Hapo kwenye kusawazisha kuna mtego ambao vijana wengi wanauingia. Programu inakupa kidude cha kudonoa kitu kisicho na rangi, kijivu au cheupe, ili yenyewe ipange rangi nyingine zote. Kijana anaona kanzu, anadonoa kanzu. Lakini kanzu nyingi si nyeupe. Zina rangi ya maziwa yaliyoganda, zinaelekea umanjano. Ukiiambia programu kwamba ile ndiyo nyeupe, inaondoa umanjano kwenye picha nzima, na wazee wote wanageuka rangi ya majivu kama waliotoka kuugua. Donoa sakafu ya saruji, donoa kiti cha plastiki cheupe kilicho kwenye mwanga uleule wa uso, ila kisiwe kimeungua. Mimi siku hizi natembea na kadi ndogo ya kijivu mfukoni. Kila nikibadili mahali namwomba mtu aishike karibu na uso kwa picha moja. Ni sekunde tano, na zinakuokolea usiku mzima.

Mwanga sasa. Usitumie ile mizani ya kung'arisha ambayo inainua kila kitu sawasawa. Inainua hata weusi wenyewe, nywele zinakuwa kijivu, uso unapauka. Tafuta ule mstari unaotoka kona ya chini kushoto kwenda juu kulia, ambao unaupinda kwa kipanya (kwenye programu huandikwa Curves). Weka nukta ya kwanza karibu na chini kabisa uiache palepale, hiyo inashikilia weusi usipande. Kisha shika mstari kidogo chini ya katikati, uinue taratibu. Nukta ya tatu karibu na juu, ili vitambaa visiungue. Fanya hivyo ndani ya eneo la uso na shingo pekee, kingo ukizilainisha zisionekane. Usisahau mikono! Nimeona picha ya bwana harusi mwenye uso wa mtu mmoja na mikono ya mwingine.

Ukimaliza, gusa shavu kwa kile kidude cha kusoma rangi, usome namba tatu. Kwenye ngozi yetu iliyopigwa na mwanga wa kawaida, nyekundu huwa juu, kijani inafuata, bluu chini. Bluu ikiisogelea nyekundu, uso una majivu, hata kama jicho lako lililochoka saa nane za usiku linakuambia pako sawa. Nyekundu ikiziacha nyingine mbali mno, udongo haujatoka. Namba haichoki kama jicho.

Na tafadhali usiufute mng'ao wote. Uso mweupe unachorwa zaidi na vivuli. Uso mweusi unachorwa na mng'ao: ule mstari juu ya mfupa wa shavu, ile nukta kwenye pua, lile duara kwenye paji. Ukivifuta kwa brashi ya kulainisha, umeufuta uso wenyewe, imebaki karatasi ya kahawia yenye macho. Jasho linalowaka unaweza kulipunguza kidogo, ndiyo, lakini acha umbo. Vifaa hivi havikuanza kwa kututazama sisi. Miaka mingi maabara za picha zilipanga rangi kwa kadi za Kodak zilizokuwa na picha ya mwanamke mzungu, zikiitwa kadi za Shirley. Mpaka leo simu nyingi zina kitufe cha urembo ambacho kazi yake ya kwanza ni kukuweupesha. Kwa hiyo kazi ya kuiona ngozi nyeusi vizuri ni yetu wenyewe, na mimi naichukulia kama sehemu ya ufundi.

Kuhusu madoa. Chunusi ya juzi naifuta bila kuuliza, itapona yenyewe. Kovu, baka la kuzaliwa, chale, mwanya, hivyo ni vya mtu, naviacha mpaka mwenyewe aniambie. Hili nalo nilifundishwa. Mama mmoja mjane aliniletea picha ya marehemu mumewe, ndogo kama ya kitambulisho, imekunjwa katikati na kuliwa na ukungu pembeni, akitaka kubwa ya kuweka sebuleni. Nikaiskani kwa doti 600 kwa inchi, nikaziba mkunjo kipande kwa kipande kwa kunakili ngozi ya jirani yake. Juu ya nyusi ya kushoto kulikuwa na mstari mweupe mfupi. Nikaona ni mkwaruzo wa karatasi, nikaufuta. Mama alipoiona akaishika kwa mikono miwili, akakaa kimya muda mrefu, kisha akagusa pale juu ya nyusi kwa ncha ya kidole. "Hapa alipigwa na kwato la ng'ombe akiwa mtoto." Nilikuwa bado na picha ya kwanza niliyoskani, sijaigusa, nikalirudisha lile kovu akiwa amekaa palepale. Tangu siku hiyo, kila picha ya zamani inayoingia, namkalisha mwenye nayo kwanza anionyeshe uso ule kwa kidole: hiki ni chake, hiki ni cha karatasi.

Ndiyo maana pia ninasema faili ya asili haiguswi kamwe. Nakili picha zote mahali pawili kabla hujafungua hata moja, na kila unachofanya kifanye kwenye tabaka jipya juu ya picha, uweze kurudi nyuma.

Programu, basi. Photoshop ni nzuri, imekuwepo tangu 1990, lakini leo inalipiwa kwa mwezi au kwa mwaka. Kama kazi bado haikuingizii, usiibebe. Wala usinunue zile nakala za kuvunjwa zinazouzwa kwenye flashi. Mimi ya kwangu ilikuja na virusi, nikapoteza harusi mbili za watu. GIMP ni ya bure kabisa, mstari wa kupinda umo, matabaka yamo, na tangu toleo la 3.0 la mwaka 2025 unaweza kurekebisha vichujio vingi baadaye bila kuharibu picha ya chini. Ila GIMP haifungui RAW yenyewe, weka na RawTherapee au darktable, nazo ni za bure. Kompyuta ikiwa nzito, tumia RawTherapee na ufungue picha mojamoja. Kama huna kompyuta, Snapseed kwenye simu inatosha kuanzia, ina kidude cha kuweka nukta usoni na kuinua mwanga pale tu. Na uhifadhi kila dakika chache, umeme wetu unaujua.

Kukata na kunyoosha picha sina la kuongeza, jicho lako litakufundisha. Kunoa fanya mwisho kabisa, baada ya kuweka ukubwa wa kuosha: sentimita 10 kwa 15 inataka kama pikseli 1,200 kwa 1,800, A3 kama 3,500 kwa 4,960. Mteja akitaka picha kwa WhatsApp, mtumie kama hati, ukituma kama picha ya kawaida inabanwa na yale yote uliyoyafanya kwenye ngozi yanageuka mabaka. Na kioo cha kompyuta usikiweke mwanga wa juu kabisa ukifanya kazi gizani, picha zitatoka nzito kwenye karatasi. Osha moja kwanza, itoe nje kivulini saa nne asubuhi, itazame, ndipo uoshe zilizobaki.

Kwa hizo zako za kwanjula, anza na ile uliyosema bibi harusi amepiga magoti mkekani na shangazi yake yuko nyuma. Sawazisha rangi kwa kudonoa kitu kingine, si kanzu, inua uso wake kidogo, kisha uweke hapa ile ya asili na uliyoirekebisha, pamoja na namba tatu za shavu. Nitaiangalia leo jioni nikifunga studio.