Anza kustaafu kabla hujastaafu

Asubuhi ya kwanza baada ya kustaafu niliamka saa kumi na nusu, nikaswali, nikanywa chai kwa mahamri mawili, nikavaa shati la kazi na kushuka mpaka steji ya matatu Mikindani. Kondakta akaniuliza, "Mzee, leo huendi?" Hapo ndipo akili ikarudi. Nikamwambia namngoja mtu. Hakukuwa na mtu. Nilirudi nyumbani kwa njia ya nyuma ili majirani wasinione na shati langu la kazi.

Ilikuwa Julai 2023. Nilikuwa na miaka 60, na nimeacha nyuma miaka 31 ya ukarani kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini Kilindini. Vijana niliowaacha pale bado hunipigia simu, na swali lao ni lile lile: nitoke na milioni ngapi ndipo nikae raha? Nami huwarudishia swali jingine: je, ushawahi kujaribu kustaafu ukiwa bado una mshahara?

Wazo hilo si langu. Nililipata kwa mwenzangu mmoja wa Rabai aliyenitangulia kutoka. Miezi sita kabla ya siku yake alikaa akapiga hesabu ya kitakachomwingilia kila mwezi akishatoka, kisha akaanza kuishi kwa kiasi hicho. Mshahara uliobaki ulikwenda kwenye akaunti ambayo kadi yake alishika mkewe. Mwezi wa pili akakwama. Si unga wala mafuta ya kupikia yaliyomkwamisha, ni michango: mazishi huku, harusi kule, karo ya mtoto wa dada, na vikundi vya WhatsApp ambavyo kila Ijumaa vinatoa orodha ya waliolipa na ambao hawajalipa. Alivuka, lakini alilijua tatizo lake wakati mshahara ungali unaingia. Wengi tunalijua wakati hauingii tena.

Mimi nilijaribu miezi miwili tu, uvivu. Hata hivyo ilinifunulia jambo: bima ya kampuni iliyokuwa ikitulipia mimi na mama watoto hospitali ilikuwa inakwisha mwezi ule ule ninaotoka. Dawa zake za presha, ambazo miaka yote sikuwahi kuuliza bei, zilikuwa zimejificha kwenye payslip yangu. Kama umeajiriwa, nenda leo kaulize bima yako inaisha tarehe gani. Tangu Oktoba 2024 tuko kwenye SHA, bima ya afya ya serikali, na mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 bila kuhisi. Ukitoka, kaya yako inapimwa mapato, na mchango hulipwa wa mwaka mzima. Hiyo ni pesa ya kuwekwa kando mapema, usingoje mgonjwa aanguke.

Sasa tuje kwa NSSF, mfuko wa taifa wa akiba ya uzeeni, maana wako wanaoitegemea kama nguzo ya nyumba. Kwa miaka mingi, mpaka Februari 2023, nilikatwa shilingi 200 kwa mwezi na mwajiri akaweka 200 zake. Piga hesabu: miaka 20 ya namna hiyo ni shilingi 96,000 kabla ya faida. Mimi nilikatwa kwa kiwango kipya, asilimia 6 yangu na 6 ya mwajiri, kwa miezi michache tu kabla ya kuaga. Kijana anayeanza kazi leo atapata zaidi kuliko sisi, na akilalamika kuhusu makato huwa namsikiliza tu. Ila nguzo moja haishikilii paa. Na wewe usiye na mwajiri, mama wa mahamri, fundi wa mafriji, NSSF walianzisha mpango wa Haba Haba wa shilingi 25 kwa siku. Kwa mwaka ni 9,125. Si nyingi, lakini hazimo mfukoni pa kuombwa.

Jambo ambalo hakuna aliyeniambia ni la sacco, chama chetu cha akiba na mikopo. Nilikuwa na akiba nzuri nikidhani siku ya kutoka nitapewa. Kumbe nilikuwa nimewadhamini wenzangu wanne mikopo, na mmoja wao alikuwa ameacha kazi na simu haishikwi. Akiba yangu ikafungwa mpaka wapatikane wadhamini wengine. Nilizunguka ofisi kwa ofisi miezi saba, mtu mzima, nikibembeleza watu wanitoe kifungoni. Basi ikibaki miaka mitatu, acha kudhamini. Ukiombwa, sema wazi: mimi natoka, tafuta mwenye miaka mbele. Jua pia kwamba akiba na hisa ni vitu viwili. Akiba hurudishwa. Hisa hazirudishwi, humuuzia mwanachama mwingine.

Lakini hasara yangu kubwa haikutoka kazini. Niliinunua mwenyewe, mwaka 2011, kule Kisauni.

Wa Mombasa watanielewa upesi. Hapa kwetu mtu anaweza kumiliki nyumba bila kumiliki ardhi iliyo chini yake. Unajenga au unanunua nyumba ya Kiswahili, vyumba sita na ukumbi katikati, halafu kila mwezi unampelekea mwenye ardhi kodi yake. Wazee wetu waliishi hivyo miaka na miaka bila shida. Mimi nilinunua moja kama mpango wa uzee: vyumba sita, wapangaji sita, nani atanishinda? Karatasi niliyokuwa nayo ilinipa kuta na mabati. Miaka minane kodi iliingia vizuri, nikaanza hata kujisifu. Mwaka 2019 mwenye ardhi akauza. Aliyenunua akatupa notisi, na kwa fadhila yake akaturuhusu kuondoa tunachoweza kubeba. Niliondoka na milango sita, madirisha na mabati kwenye mkokoteni. Mlango mmoja ndio tumeuweka jikoni. Kila nikiufungua nasikia zile bawaba zikilia, najua zinalia kiasi gani.

Kwa hivyo ukitaka nyumba ya kupangisha, anza na hati ya ardhi. Kafanye sachi, uhakikishe ardhi ni ya nani, kwenye ofisi ya ardhi mwenyewe, au kwa wakili uliyemchagua wewe, si yule aliyeletwa na muuzaji. Bei ya hapa ikikuzidi, bora chumba kimoja chenye hati Mariakani kuliko sita zinazoelea.

Kiinua mgongo chenyewe, alhamdulillahi, nilikilinda. Mfuko wa kampuni yetu ulikuwa wa kulipa zote kwa mkupuo. Kama wako ni wa pensheni, utapewa hadi theluthi moja mkononi na iliyobaki itageuzwa malipo ya kila mwezi, na usilie, huenda umeokolewa. Siku ya nne baada ya pesa kuingia, binamu yangu alifika na karatasi yenye hesabu za tuktuk mbili. Hesabu zilikuwa safi kabisa, hakuna siku ya mvua, hakuna gurudumu linalopasuka, hakuna dereva anayeumwa. Nikamwambia zimefungwa mpaka mwaka ujao. Na kweli zilikuwa zimefungwa, kwenye akaunti ya mudharaba, ya kugawana faida na benki bila riba, ya mwaka mmoja. Neno "sina" huleta ugomvi, kwa sababu watu wanajua unazo. "Zimefungwa" halina ubishi.

Mwaka mmoja wa kutozigusa ulinifundisha maisha yangu mapya yanagharimu nini hasa. Usizidishe, lakini. Tulilelewa na methali kwamba akiba haiozi, nami nasema inaoza. Pesa iliyolala huliwa na bei za soko la Kongowea, na sisi tunaotoa zaka, asilimia 2.5 kila mwaka ni shilingi 25,000 kwa kila milioni. Lazima ifanye kazi. Mwenzangu wa Rabai hana kikwazo cha riba, kwa hivyo aliingia hati fungani za serikali. Alianza na shilingi 50,000, akanunua kupitia DhowCSD, mfumo wa Benki Kuu wa kununulia hati hizo, kwenye simu, na faida humjia kila miezi sita. Sisi tunaoikimbia riba tuna benki zinazofuata sharia na mifuko ya uwekezaji ya namna hiyo. Uliza mapema faida inatokana na biashara gani, na usione haya kuuliza mara ya pili.

Pesa zikatulia. Mimi sikutulia.

Wiki ya tatu niliingia jikoni nikapanga upya makopo ya viungo, bizari na bizari, iliki na iliki, kama shehena. Mke wangu alirudi kutoka sokoni, akatazama, akakaa chini. "Baba Zuhura," akasema, "nimekuvumilia miaka 34. Lakini kuanzia saa mbili mpaka adhuhuri hii ni ofisi yangu." Hakupandisha sauti, na ndiyo iliyoniuma.

Nikahamia barazani. Baraza ni tamu jioni, kwa kahawa chungu na kashata, siasa na bao. Saa nne asubuhi ni mahali pa watu wanaongoja adhuhuri. Nilikaa mwezi mmoja pale, nikaongeza kilo tano na uchungu wa moyo juu ya serikali.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa Mji wa Kale anayeshona kofia za mkono. Nilikwenda kununua ya Idi, nikauliza bei, nikaguna. Akanipa sindano na kitambaa: "Toboa mia moja, kisha uniambie ni ghali." Nikatoboa kumi, kidole kikavuja damu. Kesho yake nikarudi. Kofia ile ina vitobo vidogo vidogo vinavyofuata ua lililochorwa kwenye bafta, na kila kitobo huzungushiwa uzi kwa mkono, mmoja mmoja, mpaka mdomo wake uwe mviringo. Ukivuta uzi kwa hasira kitambaa hukunjamana, unafumua. Kofia yangu ya kwanza ilichukua miezi mitano na inafaa kichwa cha mtu mwenye upande mmoja. Mjukuu wangu anaivaa madrasa na hakuna anayethubutu kumcheka.

Nilichokikosa kazini, kumbe, hakikuwa mizigo. Kulikuwa na mtu aliyegundua nikichelewa. Mzee yule nisipotokea saa tatu hupiga simu, na si kwa kunibembeleza, hunitukana. Kwa hivyo ukitafuta cha kukushughulisha, kiwe mshipi wa kuvua changu, kiwe bustani, kiwe kufundisha watoto hesabu, hakikisha yuko mtu upande wa pili atakayeuliza uko wapi. Na anza miaka miwili kabla, Jumamosi kwa Jumamosi, maana kidole cha miaka 58 hujifunza upesi kidogo kuliko cha 60.

Kofia ya tano sasa iko kwenye ukingo. Uzi umeniishia jana usiku, lazima nipitie Biashara Street kabla hawajafunga kwenda kuswali, na simu imeshalia mara mbili nikiandika haya.