Re: Kidonda cha ulimi kisichopona
Ndugu, umeuliza kama kidonda cha mzee pembeni ya ulimi, kina mwezi sasa na hakimuumi, mngoje tu. Hapana bwana, kikipita wiki 3 hakijapona kionwe, na huko kutouma kusiwadanganye, kansa ya mdomo mwanzoni mara nyingi haiumi. Halafu unasema anavuta na waragi, ile pombe kali, jioni haikosi, hapo ndo shida, hivyo viwili pamoja hatari inapanda kuliko kimoja kimoja. Muulize na kuber pia, ile tumbaku ya kubana kwenye mdomo, sheria ya tumbaku ya Uganda ya 2015 iliipiga marufuku ila stejini kwetu boda bado wanayo mfukoni. Mpeleke kwa daktari wa meno, akishuku watakata kinyama kidogo kipimwe, na taasisi ya kansa iko pale Mulago, Kampala.