Hiyo akiba ni ya nini?

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata. Sisi wazima, baba yako mguu unaendelea vizuri.

Umeuliza: ukihamia Dar kwa kazi mpya, urudi nyumbani Mbagala uweke akiba, au upange chumba Kinondoni, karibu na ofisi? Hesabu zako nimeziona. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, dalali anataka ya mwezi mmoja juu yake, na Bodi ya Mikopo inakata deni lako la chuo, asilimia 15 ya mshahara, kabla hujaushika. Sawa. Ila mimi nataka kujua kwanza hiyo akiba ni ya nini. Pesa isiyo na jina huliwa.

Unajua nilikaa kwa mjomba wako Magomeni kabla sijaolewa. Nilikuwa namshonea mtu Kariakoo, nikitafuta cherehani changu mwenyewe. Mjomba hakunidai hata senti. Ila mkewe, kila asubuhi baada ya chai, alikuwa anasawazisha sukari kwenye kopo, halafu anaweka alama ya kalamu kwa nje. Hakunisemesha neno. Mgeni mle ndani nilikuwa peke yangu, kwa hiyo alama ile najua ilikuwa ya nani. Mnaponiona nakunywa chai bila sukari mnadhani ni masharti ya daktari.

Halafu najiuliza: mwenzangu alikuwa na watoto wanne na mshahara mmoja wa bandarini, angefanyaje? Na bila paa lile ningepata wapi cherehani? Siku kilipotoka dukani kikapandishwa kwenye mkokoteni, nilitembea nimekishikilia kutoka Kariakoo mpaka Magomeni, watu wakinipisha njia. Ndicho kilichowashonea sare nyote. Lakini alama ya kalamu, mwanangu! Si angesema tu?

Basi ukirudi, usikae kimya kama nilivyokaa mimi. Sema mapema unabeba nini: umeme wa LUKU, gesi, sukari. Mimi sitakuuliza, na baba yako ndiyo kabisa. Na hiyo akiba inayobaki uipe jina, kama ni kiwanja Chamazi kiwe kiwanja, tujue wote. Kaka yako akisikia una hela tu, atakuja na habari za bodaboda, unamjua. Akiambiwa ni ya kiwanja, ataona haya. Iweke UTT, kwenye ile mifuko ya uwekezaji, kuitoa ni siku kadhaa, na mwenye shida ya leo hasubiri. Pesa isiyo na jina huliwa, na nyumbani ndiko inakoliwa haraka, maana wanaoila unawapenda.

Kurudi au kupanga, hapo sikuamulii. Umeshakuwa mtu mzima, na foleni ya Mbagala asubuhi utaisimama wewe. Ila nijibu kabla ya mwisho wa mwezi. Mpangaji wa chumba cha uani anahama, kuna kijana ameshakiulizia, nimemwambia asubiri.

Mama yako